Si Nyoka, Ni Konokono

Kasyoka mwanangu,

Mambo ya kesho tumeshayamaliza. Sweta umelifunga, ingawa unasema pwani hakuna baridi, na habari ya neti ya mbu nimeacha kubishana nawe. Hayo yote nitayapita humu. Ninakuandikia kwa sababu kuna habari uliyoisikia kwangu vipande vipande, kimoja jikoni, kingine kwa simu tukigombana, kingine pale Malili umesimama juani, na hakuna siku niliyoketi nikakupa yote. Kesho unakwenda kufanya kazi na konokono wa aina ile ile iliyomuua baba yako. Sitaki uende na vipande.

Baba yako nilikutana naye Migwani, kwetu, alipokuja na mafundi wenzake kujenga madarasa nyuma ya soko. Mimi nilikuwa najifunza kushona, na dirisha la karakana yetu lilitazama ule ujenzi. Alikuwa mtu wa kucheka kabla hajamaliza mzaha wake mwenyewe. Aliponiambia jina lake, nikamwuliza ni nani aliyerudi. Kusyoka kwetu Wakamba ni kurudi, unajua, na mtoto akiitwa Nzioka huwa kuna mtu wa nyumba hiyo aliyerudi alipozaliwa. Akaniambia ni babake, ambaye alipotelea Nairobi mpaka watu wakamkatia tamaa, kisha akatokea njiani na godoro kichwani, mkewe akiwa bado kitandani na kichanga.

Vitambaa tulinunua Mwingi, kwa mzee mmoja Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani. Mzee yule alimpenda sana baba yako, ila jina lilimshinda. "Karibu, Bwana Nyoka," alikuwa akisema, tena kwa heshima zote.

"Mzee, nyoka kwetu ni nzoka," baba yako alimjibu. "Mimi ni Nzioka. Huyo anatambaa. Mimi nimerudi."

Mzee alicheka na kuomba radhi, na tukienda tena ni Bwana Nyoka vile vile. Mimi nami nilicheka. Nilikuwa msichana, na kwangu maneno yanayofanana yalikuwa mchezo tu.

Tulipooana tukaja hapa Kathonzweni kwa Susu wako, mama wa baba yako. Mvua ikakataa, ikakataa tena, ndengu zikakauka zikiwa bado maua. Hapo ndipo Mutua wa Malili, rafiki yake wa tangu ujana, fundi wa kuchomelea vyuma, alipopata kazi pwani ya kusini ambako zilikuwa zinajengwa nyumba za wageni, akamwita. Nilikuwa na mimba yako. Sikumzuia, kwa maana njaa ilikuwa imeshaingia nyumbani na kukaa.

Jumapili moja alinipigia simu baada ya kanisa. Akaniambia kwamba huko maji hutoka, bahari ikarudi nyuma kabisa, na mtu hutembea kwa miguu mahali palipokuwa na kina asubuhi. "Kuna magamba mazuri huku, hujawahi kuona," akasema. "Nitakuletea moja uweke dirishani." Nikamwambia alete na samaki. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho, ya magamba na samaki.

Yanayofuata nimeyapata kwa Mutua. Walitoka kazini mapema, maji yakiwa yametoka, wakashuka ufuoni. Baba yako akaona gamba kwenye kidimbwi, rangi ya maziwa yaliyotiwa kahawa kidogo, limechorwa kama wavu. Akaliokota, akalitia mfukoni, wakaendelea na mazungumzo yao. Baada ya muda akajipiga paja akasema kuna mwiba. Akalitoa lile gamba akalitazama.

"Mutua, hiki kitu kina mwenyewe," akasema, akicheka.

Konokono alikuwa ndani, mzima. Kwenye paja hakukuwa na uvimbe wala damu ya kutajwa, alama tu kama ya sindano. Walitembea mbali kidogo, na baba yako akasema midomo yake imekufa ganzi. Kisha akasema anamwona Mutua wawili. Kisha magoti yakaacha kumtii. Mutua akambeba mgongoni mpaka barabarani, wakapata bodaboda, wakafika kwenye dispensari ndogo.

Mlangoni pale kope zake zilikuwa zinashuka zenyewe, na Mutua akawa anamtingisha asilale. "Nzioka! Nzioka! Nzioka!"

Mhudumu akauliza ameumwa na nini. Mutua akasema konokono. Mhudumu akamtazama kama mtu anavyomtazama mlevi. Halafu akamsikia anaita tena, na hapo akadhani ameelewa.

"Nyoka? Nyoka gani? Mlimwona?"

"Si nyoka! Nzioka ni yeye huyu! Ni konokono!"

"Tulia, bwana. Nyoka alikuwa wa rangi gani?"

Wakamfunga mguu. Wakatafuta dawa ya nyoka, hawakuwa nayo, wakaanza kupiga simu kuulizia kwingine, na gari nalo likawa linatafutwa. Baba yako alilala pale kwenye benchi, pumzi ikipungua, kila mtu akimshughulikia yule nyoka. Mutua anasema alikuwa anasikia bado. Alimpa kidole akifinye, akakifinya. Akampa tena, hakukifinya. Gari lilipofika, kazi yake ilikuwa kubeba maiti.

Simu alipigiwa baba yako mkubwa, na aliyempigia alimwambia nyoka. Ndivyo neno hilo lilivyofika Kathonzweni kabla ya jeneza.

Mutua ndiye aliyeileta maiti nyumbani. Siku ya mazishi aliomba kusema. Alisimama pale karibu na tangi la maji, akafungua leso, akatoa lile gamba, likiwa tupu. "Watu wetu," akasema, "nataka mjue ukweli. Nzioka hakuumwa na nyoka. Aliumwa na huyu. Ni konokono wa baharini."

Mtu mmoja wa viti vya nyuma akauliza, "Konokono? Huyu wa kwenye sukuma wiki?"

Watu wakacheka. Kwenye mazishi, Kasyoka, jeneza likiwa mbele yetu. Hawakuwa watu wabaya. Kicheko kiliwatoka kama chafya, na kilipowatoka wakaona aibu, na aibu yao ikatafuta mtu wa kubeba. Mzee mmoja akasema polepole kwamba mtu anayeleta hadithi ya namna hiyo huwa ana nyingine anayoificha. Mwingine akauliza ni kwa nini walikuwa wawili peke yao. Nikaona nyuso zinamgeukia Mutua mmoja mmoja.

Susu wako akainuka. Akalichukua lile gamba mkononi mwa Mutua, akaenda nalo mpaka chooni, akalitupa shimoni, akarudi. "Mwanangu hakuuawa na mdudu wa kuchekesha watu," akasema. "Aliumwa na nyoka. Na wewe, toka kwangu."

Mutua akanitazama mimi. "Shemeji," akasema, "wewe unanijua."

Nilimjua. Na nilimwamini, kwa sababu habari ya gamba baba yako alikuwa ameniambia mwenyewe kwa simu. Katika boma lote lile ni mimi peke yangu niliyeweza kusema sentensi moja ya kumwokoa. Nilitazama chini. Nilikuwa na tumbo kubwa, nilikuwa naishi kwa mama mkwe, na nilikuwa nimechoka. Hizo ni sababu za kweli na bado hazitoshi. Nilipoinua macho, Mutua alikuwa ameshavuka ua wa mikatani.

Tangu siku hiyo pale kwetu ikawa nyoka. Nyoka ni kifo cha heshima. Kila mtu anakijua, kila mtu anatikisa kichwa na kusema pole, na hakuna anayeuliza la pili. Mimi mwenyewe nilianza kulitumia neno hilo, mwanzoni kwa shida, baadaye likaja lenyewe. Nakuambia hivi kwa sababu uwongo wangu haukufanana na uwongo nilioogopa nilipokuwa mdogo. Ulikuwa tofauti ya sauti kidogo tu. Nyoka, konokono. Ungeweza kumwambia Mungu kwamba ulisikia vibaya.

Wewe ulipozaliwa, Susu akakupa jina Kasyoka kabla hata sijakushika vizuri. Alisema mwanawe amerudi. Sikumkatalia hilo pia. Umekua ukibeba marejeo ya mtu ambaye hukumwona, na kila ulipotoka langoni kwenda shuleni Susu alikuambia, "Utarudi, ndilo jina lako," na niliona jinsi ulivyokuwa unakunja mabega. Nisikie sasa. Lile jina lilikuwa la kumfariji mama aliyefiwa. Hudaiwi nalo kitu. Ukitaka kukaa pwani mpaka uzeeke, kaa.

Uwongo ule ulikula utoto wako, na nilikuwa nautazama ukila. Hukuwahi kuingia shambani ndengu zikiwa zimefunga. Unakumbuka ulipoikanyaga kamba ya mbuzi hapo uani ukapiga mayowe mpaka majirani wakaja na mapanga? Ningeweza kukutuliza kwa neno moja, kwamba baba yako hakuguswa na nyoka. Badala yake nilikubeba nikasema kamba haiumi. Nawe ukiwa bado unalia ukauliza, "Kwani sisi ni Wakamba kwa sababu tulifungwa kamba?" Nilicheka hadi nikakaa chini. Nikakuambia ndiyo. Ukaenda kuwaambia shule nzima.

Siku uliyonipigia simu kutoka chuoni naikumbuka kuliko siku nyingi za ndoa yangu. Nilikuwa kwenye cherehani, nashona sare.

"Mama," ukasema, "baba aliumwa na nyoka gani?"

"Nyoka ni nyoka."

"Wapi?"

"Pajani."

"Akiwa wapi?"

"Ufuoni."

Halafu, kwa sauti ambayo sikuijua: "Nyoka ufuoni, Mama? Pajani? Akapita juu ya suruali? Na mguu ulivimba?"

Nikasema haukuvimba. Ukasema leo mwalimu wenu amewaonyesha gamba zuri lililochorwa kama wavu, akawaambia kwamba mwenye nyumba hiyo ana jino kama mkuki mdogo, analirusha kumchoma samaki, na kwamba linaweza kupenya nguo na kumuua mtu bila kumtia maumivu mengi. Ulikuwa umekaa darasani ukasikia midomo, macho, magoti, pumzi, kwa mpangilio ule ule niliokuwa nikikusimulia juu ya nyoka. Nikasema, "Ni konokono. Nilijua tangu mwanzo." Ukakata simu. Krismasi ile hukuja, na nilipika chapati za watu wawili.

Ulipokuja mwishowe ulinifundisha. Hakuna dawa ya kuiua sumu ile, ulisema. Kinachotakiwa ni mtu au mashine ya kumpumulia aliyeumwa mpaka sumu iishe yenyewe, na akivuka hapo anaamka. Nikakuuliza kama wale wa dispensari wangemsikia Mutua vizuri baba yako angekuwa hai. "Sijui, Mama," ukasema. "Labda mashine isingekuwepo. Labda asingefika kwenye mashine." Ningeshukuru ungenidanganya, lakini si kazi niliyostahili kukupa. Zile labda mbili ndizo ninazolala nazo.

Ukaniambia pia kwamba kutokana na sumu ya konokono wa ukoo huo wametengeneza dawa ya maumivu makali, ya watu ambao dawa nyingine zimeshindwa. Nimefurahi kwa ajili ya wagonjwa hao. Mimi bado namchukia, na usinitake nimpende.

Wakati huo huo nikajaribu kuonyesha kwamba nimeelewa. Ulisema wataalamu wanamwita kwa umbo la nyumba yake iliyochongoka, kama koni ya aiskrimu. Nikasema, aha, ndiyo maana tukamwita konokono! Ukacheka, kicheko cha kwanza tangu ufike. Ukanieleza kwamba konokono alikuwa akitambaa katika Kiswahili kabla ya mtu yeyote hapa kuonja aiskrimu, na koni ni mgeni aliyekuja juzi na Waingereza. Ukaendelea, maana ukianza huachi: kwamba manzi na maji, nzaa na njaa, nzia na njia ni ndugu wa damu, lugha mbili zilizotoka nyumba moja. Nzoka na nyoka vile vile. Lakini Nzioka hana undugu na yeyote kati ya hao. Jina la mtu aliyerudi na jina la mnyama wa kutambaa yalikutana kwa bahati mbaya, midomoni mwa watu walio na haraka. Na kwamba pwani kamba ni wadudu wa baharini wa kuliwa, na Mkamba akiwaagiza hotelini hajili mwenyewe.

Nilikuwa nacheka nawe, na ndani yangu nilikuwa namwona baba yako kwenye lile benchi.

Kwenda Malili lilikuwa wazo lako. Mimi ningelisukuma mbele mpaka kaburini. Tulimkuta Mutua kwenye kibanda chake kando ya barabara kuu, anachomelea geti, malori yakipita nyuma yake. Amezeeka kuliko umri wake. Alivua miwani ya kazi, akanitazama, wala hakunikaribisha. Ukamwamkia kwa heshima, ukamwambia wewe ni nani, ukampa simu yako yenye picha ya konokono.

Aliishika kwa mikono miwili. Akaketi juu ya tairi.

"Ndiye," akasema. "Huyu ndiye." Kisha, baada ya lori kupita: "Nilifika mahali nikaanza kufikiri niliota."

Nikaanza kuongea. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani yote, samahani na uchungu na hali yangu ya wakati ule. Akaninyamazisha kwa kiganja, bila ukali.

"Mama Kasyoka, mngekuja mama yangu akiwa hai," akasema. "Amekufa akiwa haendi kanisani, kwa kuwa watu walikuwa wanahama benchi akiketi, wakimwita mama wa muuaji."

Hakusema amenisamehe, na hakusema hajanisamehe. Alimalizia geti. Wewe alikuuliza unasomea nini, ukamweleza, akakusikiliza sana, na tulipoondoka alikupa mkono wewe peke yako. Nilistahili. Watu husema ukweli ukichelewa bado ni ukweli. Huenda ni hivyo kwa anayeusema. Yule mama wa Malili haukumfikia.

Kuna jambo moja nililifanya baadaye, ukiwa umesharudi chuoni, na hukulipata kwangu, ulilisikia kwa binamu zako. Jumapili, baada ya matangazo, niliomba kusimama. Nikasema mume wangu hakuumwa na nyoka, aliumwa na konokono wa baharini, na kwamba Mutua alisema kweli na mimi nilijua na nikanyamaza. Nilisikia vijana wawili wakicheka upande wa kwaya. Safari hii niliwaacha wacheke mpaka wamalize, kisha nikarudia neno lenyewe, konokono, nikaketi. Mzee aliyeyasema yale maneno siku ya mazishi alikuwa ameshakufa. Wengine walitazama viatu vyao. Hakuna aliyenifuata nje.

Susu alikuwa benchi la mbele. Tulipofika nyumbani akasema, "Basi mwanangu alikufa akichekwa, na umelitangaza." Tangu hapo tunaishi hivyo, mimi na yeye, tukipitishana chumvi. Nawe, kwa kuwa umechagua kazi hiyo, amekunyamazia. Ulipomuaga leo mchana uliona alivyogeukia ukutani. Najua ulilia nyuma ya jiko, niliyaona macho yako. Kesho ukiondoka tutabaki wawili, kila mmoja akiwa na kifo chake cha mtu yule yule. Sikuambii hivi ili ukae. Nataka tu usidhani kwamba kwa kuwa nilisema, mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Ila silali tena nikiwa na hofu kwamba nitaropoka.

Kwa hiyo sina ushauri mkubwa. Ukiwa majini usiokote kitu kwa uzuri wake. Hilo unalijua kuliko mimi. Mtu akikuambia jambo la kuchekesha huku analia, mkaribie, umwulize tena. Na kama siku moja utasimama mahali ambapo sentensi yako moja inangojewa, iseme kabla mtu hajavuka ua.

Lipo jambo la mwisho, kisha nizime taa. Ule mfuko wa muthokoi, mahindi ya kutwanga, ulio juu ya begi lako, nilikuambia nimeununua sokoni. Sikununua. Susu aliutwanga mwenyewe alasiri, ulipokwenda kuwaaga akina binamu zako, kwa mikono ile inayotetemeka, akipumzika kila baada ya mapigo machache, akakataa nimsaidie. Alipomaliza aliniagiza nikuwekee na nisikuambie kwamba ni yeye.

Mimi nimemaliza kuficha mambo ya watu wa nyumba hii. Ni yeye.

Mama yako